Dawa Hung'oa Magugu, Nani Atapanda Mbegu?

Mficha uchi hazai, walinena wahenga wetu, na hawakuwa wakifanya mzaha. Walijua kwamba yapo mambo ya mwili ambayo aibu ikiyafunika hugeuka madhara, na kwamba mja hana budi kuyafunua mbele ya anayeweza kumsaidia iwapo ataka uzima na kizazi. Miongoni mwa mambo hayo ni afya ya uke. Ni jambo ambalo walimu wengi hulipitia mbiombio darasani, wanafunzi hulisikia kwa minong'ono bwenini, na wanaume hulichukulia kuwa haliwahusu ndewe wala sikio. Makala haya yanakusudia kulizungumza waziwazi, kwa maana gharama ya kulinyamazia inalipwa na mama zetu, dada zetu na mabinti wetu.

Tuchukue mfano wa mji wa Timau, ulio kwenye barabara ya kutoka Nanyuki kwenda Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya iliyojaa ngano, shayiri, viazi na mashamba ya maua. Tuseme yupo mwanamke wa huko, mfanyakazi wa shamba la maua, aliyeanza kutokwa na majimaji mepesi ya rangi ya kijivu yenye harufu kama ya samaki. Akaomba ruhusa kazini, akaenda zahanati, akapewa vidonge vya kumeza kwa siku saba. Akapona. Baada ya miezi mitatu hali ikarejea vile vile. Mara hii hakuomba ruhusa. Alikwenda moja kwa moja kwenye duka la dawa akanunua vidonge vile vile. Iliporejea mara ya tatu aliona haya hata kwenda dukani. Alinunua sabuni kali akajiosha ndani kwa bidii, huku akijiuliza iwapo yeye ni mchafu au mumewe ana mwingine.

Mwanamke huyu ni wa kubuni, lakini mkasa wake si wa kubuni. Ugonjwa huo wataalamu huuita vajinosisi ya bakteria, na hapa kusini mwa Jangwa la Sahara hukadiriwa kwamba kwa wakati wowote ule huwapata takriban mwanamke mmoja kati ya wanne walio katika umri wa kuzaa. Dawa yake kuu, metronidazoli, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Flagyl, imetumika kwa miongo mingi. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa Australia na kutangazwa mwaka wa 2006 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanawake waliotibiwa kwa dawa hiyo walirudiwa na ugonjwa kabla ya mwaka kwisha. Je, ni dawa gani hii iponyayo leo na kesho ikamwacha mgonjwa pale pale alipokuwa?

Ili kulijibu swali hilo yatupasa kuufahamu uke wenyewe. Mwaka wa 1892 daktari Mjerumani, Albert Döderlein, aliwaeleza wenzake juu ya bakteria fulani aliowakuta katika uke wa wanawake wenye afya. Bakteria hao ni wa jamii ya laktobasila. Kazi yao ni ya ajabu. Hula sukari itokanayo na chembe za kuta za uke na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki, ambayo huyafanya majimaji ya ukeni yawe na ukali kiasi cha kuwazuia viini vingi vya maradhi kustawi. Kwa maneno mengine, mwanamke mwenye afya hana uke usio na bakteria. Ana uke wenye bakteria wanaomlinda.

Mambo huharibika laktobasila wanapopungua. Hapo asidi hufifia, na bakteria wa aina nyingine, gadinerela na wenzake, huongezeka maradufu. Hawa hujishikiza kwenye kuta za uke na kujijengea utando mwembamba ulio kama ngome. Metronidazoli huwaua wengi wao, nayo kwa kawaida haiwaui laktobasila. Lakini mara nyingi haiuvunji utando wote. Aidha, dawa hiyo haimleti hata laktobasila mmoja. Huondoa waovu na kuuacha uwanja mtupu, ukimsubiri yeyote atakayewahi kuukalia.

Mkulima wa Timau hahitaji kwenda chuo kikuu ili alielewe jambo hili. Anajua kwamba akinyunyizia dawa ya magugu shambani kisha asipande ngano, baada ya mvua chache magugu yatarudi yakiwa na nguvu kuliko awali. Ni kweli kwamba pengine ardhi huwa imehifadhi mbegu njema, nazo huchipuka zenyewe. Ndivyo wapatavyo nafuu ya kudumu baadhi ya wanawake. Lakini pale ambapo mbegu haikubaki, kurudia kunyunyizia dawa bila kupanda ni kujichosha bure. Huo ndio muhtasari wa matibabu tunayowapa wanawake wetu: twang'oa, hatupandi, kisha twamlaumu mwenye shamba.

Lawama hiyo imejikita hata katika lugha yetu. Mwanamke akitokwa na majimaji yasiyo ya kawaida, twasema anatokwa na "uchafu". Neno hili hutamkwa na wauguzi, huandikwa katika vitabu, na walimu wa Kiswahili hulipitisha bila kulihoji. Ilhali majimaji ya ukeni yana jina lake, nalo ni ute; na ute ulioharibika ni dalili ya ugonjwa kama vile kamasi ilivyo dalili ya mafua. Hakuna amwambiaye mwenye mafua kwamba ni mchafu. Mwanamke akishaambiwa kuwa ana uchafu, atafanya nini ila kujiosha?

Na kujiosha ndani ndiko hasa kunakomzidishia balaa. Kwa miaka mingi watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliwafuatilia wanawake mjini Mombasa wanaofanya biashara ya ngono. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2006, baada ya kufuatilia wanawake 1,270 kwa kipindi cha miaka kumi, yalionyesha kwamba waliokuwa wakijiosha ndani ya uke kwa maji walikabiliwa na hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi iliyozidi mara mbili na nusu ya wasiojiosha. Kwa waliotumia sabuni au vitu vingine, hatari hiyo ilikaribia mara nne. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi peke yake kwamba kuosha ndiko kulikoleta maambukizi. Lakini unaafikiana na tujualo: sabuni huwafukuza walinzi wa mlango. Sehemu ya nje huoshwa kwa maji, nayo yatosha. Ndani uke hujisafisha wenyewe.

Hapo msomaji atakuwa ametambua kwamba jambo hili si la harufu tu. Mwanamke mjamzito mwenye ugonjwa huu huwa katika hatari zaidi ya kujifungua kabla ya wakati. Mwaka wa 2012 ulitangazwa uchunguzi wa jozi 2,236 za wanaume na wanawake kutoka nchi saba za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, ambapo mwanamke alikuwa na virusi vya Ukimwi na mwenzi wake hana. Ilibainika kwamba mwanamke alipokuwa na vajinosisi ya bakteria, hatari ya mwanamume kuambukizwa ilizidi mara tatu. Maradhi tuliyoyaita "ya wanawake" kumbe humgusa mwanamume pia, nyumbani mwake na mwilini mwake.

Je, kupanda kwawezekana? Wengi hukimbilia mtindi na maziwa lala. Ni vyakula vyema, na asiyevipenda ni nani? Hata hivyo, bakteria wagandishao mtindi wa dukani si wale walindao uke; ni binamu zao wa mbali, na si desturi yao kukaa humo. Kumpaka mgonjwa mtindi ukeni ni sawa na kupanda mpunga katika baridi ya Timau na kutarajia mavuno.

Jitihada za kisayansi za kutumia mtindi zilifanywa jirani zetu Mwanza, Tanzania. Kuanzia mwaka wa 2004, wanawake wa huko, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada, walitengeneza mtindi uliotiwa aina maalumu ya laktobasila. Mradi huo uliwapa akina mama kipato na lishe, nao wastahili sifa. Lakini jaribio lililofanywa mjini humo na kutangazwa mwaka wa 2010, ambalo liliwapa wanawake wenye virusi vya Ukimwi vidonge vya aina hiyo ya laktobasila pamoja na nyingine, halikuonyesha kwamba viliongeza uponyaji wa vajinosisi ya bakteria. Ni funzo la thamani: si kila laktobasila afaa, na si kila njia humfikisha panapotakiwa.

Anayeonekana kufaa zaidi ni laktobasila wa aina iitwayo krispatusi. Mwaka wa 2020 kikundi cha watafiti wa Marekani kilichoongozwa na Craig Cohen, ambaye pia aliongoza uandishi wa ule uchunguzi wa jozi za Afrika wa mwaka wa 2012, kilitangaza matokeo ya jaribio la wanawake 228. Wote walitibiwa kwanza kwa metronidazoli. Kisha baadhi yao walitiwa ukeni unga wenye krispatusi hai, mara kadhaa kwa muda wa majuma kumi na moja, na wengine wakatiwa unga usio na kitu. Katika majuma kumi na mawili ugonjwa uliwarudia asilimia 30 ya waliopandiwa bakteria, ikilinganishwa na asilimia 45 ya wenzao. Si muujiza, lakini ni dalili njema kwamba mbegu hushika. Nchini Israeli, mwaka wa 2019, madaktari waliwahamishia wanawake watano waliokuwa wamesumbuka kwa muda mrefu ute wa wanawake wenye afya, na wanne kati yao wakapata nafuu ya kudumu. Idadi hiyo ni ndogo mno kuwa sera, lakini yatufunza njia.

Hapa pana jambo ambalo mwananchi wa Kenya hana budi kulitafakari. Wanawake wa Mombasa, Kisumu, Nairobi na kwingineko walitoa damu yao, ute wao na siri zao ili sayansi hii ijengwe. Uchunguzi wa kimataifa umeonyesha tena na tena kwamba wanawake wengi wa Kiafrika hawana krispatusi kwa wingi kama walivyo nao wanawake wa Ulaya. Wengi wana laktobasila wa aina ya inersi, mlinzi asiyeaminika, ambaye huonekana mara kwa mara pale ugonjwa unapoanza kunyemelea. Kwa hivyo tiba iliyoundwa kwa mbegu iliyotoka kwa mwanamke wa Marekani huenda ikahitaji kupimwa upya kwetu, kama vile mbegu ya ngano ya ugenini inavyojaribiwa kwanza kabla ya kupandwa katika udongo wa Meru. Ni nani atakayeifanya kazi hiyo ikiwa vyuo vyetu na serikali yetu havitaitenga fedha? Tukingoja wengine, tutauziwa mavuno ya shamba tulilolilima sisi wenyewe.

Lakini tusidhani kwamba mpaka dawa mpya ifike hatuna la kufanya. Yapo mambo mawili ambayo ushahidi wake tayari tunao, na yote mawili hayahitaji maabara ya kifahari.

La kwanza linamhusu mwanamume. Wilayani Rakai, Uganda, jaribio lililotangazwa mwaka wa 2009 lilionyesha kwamba wake wa wanaume waliotahiriwa walipatwa na vajinosisi ya bakteria kwa kiwango kilichopungua kwa takriban asilimia 40. Mjini Kisumu, uchunguzi wa jozi 168 uliotangazwa mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba kwa kuwatazama bakteria walio kwenye uume wa mwanamume ambaye mwenzi wake hana ugonjwa, watafiti waliweza kukisia ni mwanamke yupi angeupata baadaye. Mwaka wa 2025 likafuata jaribio la jozi 164 nchini Australia. Wanawake wote walitibiwa. Wenzi wa nusu yao nao wakapewa vidonge vya metronidazoli pamoja na krimu ya klindamisini ya kupaka kwenye uume kwa siku saba. Katika majuma kumi na mawili, ugonjwa uliwarudia asilimia 63 ya wanawake ambao waume zao hawakutibiwa, na asilimia 35 tu ya wale ambao waume zao walitibiwa. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa hata jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake. Katika mwaka uo huo chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kikaubadili ushauri wake ili mwenzi naye atibiwe.

Ni kana kwamba wakulima wawili wanapakana. Mmoja anapalilia kila msimu na mwingine ameacha magugu yatoe mbegu hadi kwenye mpaka. Yule apaliliaye ataitwa mvivu mpaka lini? Mume wa Timau hana haja ya kumshuku mkewe, wala mke kumshuku mumewe, kwa sababu tu ugonjwa umerudi. Jambo la busara ni wawili hao kwenda zahanati pamoja. Ikumbukwe tu kwamba dawa alizopewa mwanamume katika jaribio hilo zilikuwa mbili, ya kumeza na ya kupaka. Majaribio ya awali yaliyotegemea vidonge peke yake hayakufaulu. Kugawana vidonge vya mke nyumbani basi si tiba, na huenda kukawaacha wote wawili na dozi pungufu. Tohara nayo, ambayo katika jamii ya Wameru ni desturi ya kale, hupunguza hatari lakini haiiondoi.

La pili linaihusu shule. Kaunti ya Siaya ilifanyiwa jaribio la kuwapa wasichana wa shule za upili vikombe vya hedhi. Sehemu moja ya jaribio hilo iliyowafuatilia wasichana 436, na ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka wa 2023, ilionyesha kwamba uwezekano wa vajinosisi ya bakteria ulipungua kwa karibu robo katika shule zilizopewa vikombe, na kwamba wasichana hao walielekea zaidi kuwa na laktobasila walio bora. Maana yake ni kwamba anachotumia binti siku za hedhi kinaweza kuathiri bustani hiyo isiyoonekana. Kenya iliondoa ushuru wa thamani kwenye sodo mwaka wa 2004, na mwaka wa 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ikarekebishwa ili wasichana wapewe sodo bila malipo shuleni. Hizo ni hatua za kujivunia. Lakini kumpa binti sodo bila kumpa maelezo ni kumpa jembe bila kumwonyesha shamba.

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo haya yatawaharibu watoto. Hoja hii ni ya siku nyingi, na wenye kuitoa wana nia njema. Lakini hebu tuitazame mitaala yetu. Mwanafunzi hufundishwa kwamba katika mizizi ya maharagwe huishi bakteria wanaourutubisha udongo, na hakuna mzazi alalamikaye. Huuchora mzizi, huuandikia sehemu zake, hupata alama. Kuna uharibifu gani basi katika kumwambia mwanafunzi huyo huyo, msichana kwa mvulana, kwamba bakteria wa aina nyingine hufanya kazi kama hiyo katika mwili wa mwanamke? Kinachowaharibu vijana ni ujinga unaouzwa madukani: manukato ya sehemu za siri, sabuni za "kurejesha usichana", na mitishamba ya kujitia ambayo hakuna aijuaye imechanganywa na nini.

Mwalimu basi ana kazi tatu nyepesi. Kwanza, aliache neno "uchafu" na atumie "ute". Pili, awafundishe wanafunzi kwamba si kila ute ni ugonjwa. Ute hubadilika katika mzunguko wa mwezi, na ulio wa kawaida hauhitaji dawa wala sabuni. Tatu, awaeleze tofauti. Ute mzito mweupe wenye kuwasha mara nyingi hutokana na kuvu, ambao hawauawi na Flagyl, na ambao wakati mwingine hujitokeza hasa baada ya mtu kumeza dawa za kuua bakteria. Maumivu ya tumbo la chini, homa, vidonda au ujauzito ni sababu ya kwenda hospitalini bila kukawia. Matroni wa bweni aliyeelewa haya atakuwa amewafaa mabinti kuliko hotuba kumi za maadili.

Nazo serikali za kaunti, ambazo zilikabidhiwa huduma za afya mwaka wa 2013, zina wajibu wake. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, afya ya uzazi ikiwemo. Haki hiyo haitimizwi kwa kumkabidhi mwanamke karatasi ya vidonge kwa kukisia dalili tu, ilhali darubini na karatasi ya kupimia asidi zaweza kueleza mengi kwa gharama ndogo. Haitimizwi kwa kumwita mwanamke peke yake wakati ushahidi wasema aje na mwenzi wake. Wala haitimizwi pale mfanyakazi wa shamba anapokatwa ujira wa siku kwa sababu alikwenda zahanati. Waajiri wa miteremko ile wanajua kuitunza rutuba ya udongo wa mawaridi yao; wasishindwe kuwaachia wanawake wanaoyachuma saa chache za kuitunza afya yao.

Iwapo yule mwanamke wa Timau angeambiwa haya yote siku ya kwanza, kwamba si mchafu, kwamba asijioshe ndani, kwamba mumewe atibiwe pamoja naye, na kwamba arudi zahanati ugonjwa ukirejea badala ya kwenda kununua sabuni, asingekuwa amehakikishiwa kupona daima. Angekuwa hata hivyo na nafasi bora zaidi, na asingekuwa peke yake. Maelezo hayo hayangoji shehena kutoka ng'ambo wala bajeti ya mwaka ujao. Yangoja tu muuguzi, mwalimu na mume walio tayari kufungua vinywa vyao.